Siku Shangazi Aliponipeleka kwa Daktari wa Ngozi

Shangazi ndiye aliyeshikilia twende Moshi. "Hapa Arusha utaishia kuuziwa sabuni," alisema, na kwa hilo alikuwa na haki, maana bafuni kwangu zilijaa. Alisikia kuwa pale hospitali ya KCMC kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, hata wageni wa nchi nyingine huja kusoma. Nilikuwa na miaka 32. Niliwahi kuambiwa chunusi zitaisha nikimaliza shule, kisha nikiolewa, kisha nikizaa. Nimeolewa, nimezaa, na kidevu kikawa kibaya kuliko nilipokuwa kidato cha pili.

Daktari alikuwa dada kijana. Alimwamkia shangazi, akanisogeza dirishani, akavaa glavu na kupapasa taya langu polepole hadi chini ya sikio. Hazikuwa chunusi za kutoa kichwa cheupe. Vilikuwa vinundu vigumu ndani ya ngozi, ukivigusa vinauma, vikinywea vinaacha doa jeusi la miezi. Paji la uso lilikuwa safi.

"Zinakaa huku chini tu?"

"Damu yake chafu," shangazi akawahi kujibu. "Na karanga! Huyu hakosi karanga kwenye pochi."

Daktari akacheka. Karanga akaziachia huru. Akasema kwa baadhi ya watu vinavyoshukiwa zaidi ni vitu vya sukari nyingi, soda zikiwemo, na maziwa. Halafu akauliza jambo ambalo hakuna muuza dawa aliyewahi kuniuliza: "Siku zako zinakujaje?"

Nikamtupia shangazi jicho. Hakuonyesha dalili ya kutoka nje.

"Zinapotea. Zikija mwezi huu, naweza kukaa miezi bila kuziona."

"Na nywele za kidevuni?"

Kibanio cha kung'olea ndevu kilikuwa humo humo kwenye pochi, chini ya karanga. Mume wangu hajui mpaka leo.

Akageuza fomu ya maabara, akachora shimo, unywele, na kifuko cha mafuta pembeni. Mwili wa mwanamke nao hutengeneza homoni za kiume, alieleza, ila kidogo. Zikizidi, au ngozi ikiwa nyepesi kuzihisi, kifuko kile humwaga mafuta mengi, seli zilizokufa hugandamana na kuziba mlango, na bakteria ambao kila mtu anao usoni hupata pa kustawi. Mwili ukipambana nao, ndipo panavimba. Uchafu haumo kwenye hesabu hiyo, na kusugua ndiko kunakochokoza zaidi. Shangazi aliukazia macho ule mchoro kama anayetafuta damu chafu ilipochorwa.

Daktari alishuku PCOS, hali ya homoni inayovuruga hedhi na kuotesha ndevu. Akaandika vipimo vya damu na ultrasaundi. Akauliza pia kama natarajia kushika mimba, kwani dawa nyingine za chunusi huweza kumlemaza mtoto tumboni. Nikasema hapana. Akaniandikia adapalini ya kupaka usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, nisiihukumu kabla ya miezi 3. Majibu yalipotoka baadaye, alichoshuku ndicho kilichokuwepo.

"Kwenye ukoo kuna mwingine mwenye shida hii?" aliuliza akifunga faili.

"Bibi yake, yaani mama yangu," shangazi akasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Kidevu hiki hiki. Alikuwa na wembe wake anauficha kwenye mto."

Tukaaga. Tulipofika mlangoni shangazi akanikabidhi mkoba wake, akarudi mpaka mezani na kulegeza mtandio shingoni.

"Mwanangu," akamwambia daktari, "hebu nitazame na mimi."