Kupima magofu ya kanisa la shule, Mbweni: kumbukumbu ya mradi

Mbweni iko kusini kidogo ya Mji Mkongwe, Zanzibar. Misheni ya Kianglikana ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa) ilinunua shamba hilo mwaka 1871 ili kuwapa makao watumwa walioachwa huru, na mwaka 1874 ikafungua shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria. Kinachopimwa hapa ni kanisa dogo la shule hiyo. Wengi hulichanganya na kanisa la Mtakatifu Yohana lililo jirani, ambalo mpaka leo watu husali ndani yake.

Wiki ya 1. Ruhusa kwanza, ya mwenye eneo na ya ofisi ya mambo ya kale. Kisha kukagua: hakuna kusimama chini ya tao lenye ufa juu yake, na hakuna kupanda ukutani hata kama unaonekana mzima. Kuta za pwani zina nyuso mbili za mawe ya matumbawe, katikati ni vifusi na chokaa. Uso wa nje ukishaachana na moyo wake, mguu mmoja tu unatosha kuubomoa.

Wiki ya 2. Kosa la kwanza lilikuwa kupima kila chumba peke yake na kudhani pembe zote ni za mraba. Ramani haikufunga. Mawe ya matumbawe hayachongwi sawasawa, fundi husawazisha kwa chokaa, na unene wa ukuta hubadilika kila hatua. Dawa yake: vigingi viwili vya nondo nje ya jengo, uzi wa nailoni kati yake, na kila kona ipimwe kutoka vigingi vyote viwili. Mistari hiyo miwili ikutane konani kwa pembe ya kati ya digrii 30 na 120. Ikiwa nyembamba zaidi, kosa dogo la tepu linakuwa kubwa kwenye karatasi. Tepu ya mita 30 ikilegea katikati husoma zaidi ya ukweli, kwa hiyo lazima watu wawili, na wa tatu aandike. Mwisho pima ulalo, kutoka kona hadi kona ya mkabala, na ulinganishe na mchoro. Tofauti ikizidi sm 2, rudia.

Mchoro ni wa 1:50. Hapo unene wa mstari wa penseli wa mm 0.2 ni sm 1 ya ukuta, basi kuhangaika na milimita ni kujichosha bure.

Wiki ya 3. Kuta zilipimwa wima kwa timazi, uzi ukining'inizwa na timazi yenyewe, kizito cha mwisho wa uzi, ikatumbukizwa kwenye ndoo ya maji. Bila maji, upepo wa kusi hauiachi itulie. Picha zilipigwa asubuhi ya mawingu, kila moja ikirudia asilimia 70 ya iliyotangulia, na rula ya mita 1 ikiwa ndani ya fremu. Za saa sita mchana zilitupwa zote: kivuli kilifunika matundu ya boriti.

Matundu hayo yasipuuzwe. Boriti ya mkoko kwa kawaida haivuki zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya zamani vya pwani ni vyembamba. Safu ya matundu madogo ya duara huonyesha sakafu ya ghorofa au dari la boriti. Chumba kipana kisicho nayo kilihitaji mbao za kupasua.

Mizizi. Miche ya jamii ya mkuyu huota juu ya kuta. Kuing'oa ni kosa, kwa sababu mzizi hutoka na moyo wa ukuta. Hukatwa kwa msumeno, kisiki kikaachwa kife, na ufa ukajazwa chokaa, kamwe si saruji. Saruji hufungia unyevu ndani. Chumvi ya bahari hukauka nyuma yake, ikaganda na kulisaga jiwe lenyewe. Viraka vya namna hiyo hujulikana kwa unga mweupe unaoporomoka kando yake.

Kinachofuata ni vipande vya kioo chembamba kugandishwa kwa plasta juu ya nyufa mbili, vikiwa vimeandikwa tarehe. Vitakaguliwa baada ya masika. Kikivunjika, ukuta unatembea.