Mwanangu alikutwa na H. pylori, lakini kiungulia kilitoka kwingine

Kijana wangu wa darasa la tatu alianza kulalamika kifua kinawaka. Baadaye akawa anaamka usiku anakohoa, mdomo umechachuka, na asubuhi unakuta shuka lina doa la chakula kilichorudi. Hapa Uyole, Mbeya, ukisimulia hivyo, jibu watu wanalo tayari: "Huyo ana bakteria wa vidonda vya tumbo, kampime." Maabara ya mtaani wakamtoa damu, karatasi ikarudi na H. pylori chanya, ndilo jina la bakteria hao. Dukani nikaambiwa dozi ipo, antibayotiki mbili pamoja na omeprazole ya kupunguza asidi ya tumbo, siku 14.

Sikununua. Antibayotiki mbili kwa mpigo kwa mtoto mdogo vile nilitaka ziandikwe na daktari wa watoto.

Daktari aliitazama karatasi akaiweka pembeni. Kipimo cha damu, alisema, kinaonyesha mwili uliwahi kukutana na bakteria hao, hakisemi kama wapo leo. Akataka choo. Ila shangazi mtu alikuwa ameshaanza kumpa omeprazole, na dawa hiyo inaweza kuwapunguza bakteria mpaka kipimo kikawakosa. Ikabidi aiache kwanza wiki 2 ndipo tupeleke choo. Majibu: wapo.

Nikajua sasa naandikiwa dozi. "Mama, wapo kweli," akasema, "ila si wao wanaomrudishia chakula."

Bakteria hawa hukaa kwenye utando wa tumbo, na wengi huwapata utotoni, humohumo nyumbani, bila kuugua. Kwa baadhi huleta vidonda, na miaka mingi mbele hata saratani ya tumbo. (Barry Marshall wa Australia aliwanywa kwa makusudi mwaka 1984 ili athibitishe madhara yao, na tumbo lake likavimba kwa ndani. Watafiti nao!) Kucheua ni habari ya msuli unaofunga mlango wa chini wa umio, yaani mrija wa chakula: ukilegea, asidi inapanda. Tafiti za watoto hazijathibitisha kwamba bakteria ndio chanzo, na kuwaua hakujaonekana kuponya kiungulia. Kwa mtoto asiye na dalili za kidonda, miongozo haishauri kukimbilia dozi. Akanipa vya kuangalia: kutapika damu, choo cheusi kama lami, kupungua uzito, kushindwa kumeza.

Kisha akauliza mtoto anakula saa ngapi.

Ilikuwa Juni, na Juni ya Mbeya ni baridi. Anatoka twisheni giza limeingia, ugali saa tatu usiku, juu yake chai ya maziwa na andazi, halafu moja kwa moja ndani ya blanketi. Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Tukamhamishia chakula saa kumi na mbili jioni, kiasi kidogo, baada ya hapo maji tu, na halali mpaka saa mbili au tatu zipite. Mto wa pili haukusaidia, ulimkunja tumbo. Baba yake akaweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, hiyo ikafaa. Soda ikabaki ya sikukuu. Dawa ya kupunguza asidi alitumia wiki chache, kwa kipimo cha daktari.

Kikohozi cha usiku kilitangulia kuisha, kiungulia kikafuata taratibu, ingawa akila chipsi usiku bado analalamika. Bakteria hatujawagusa. Mtihani uliobaki ni bibi yake wa Tukuyu, asiyeamini mtoto analala bila kikombe cha maziwa ya moto. Kila likizo ikiisha tunaanza upya.