Siku ya Kufungua

Moshi, Jumapili jioni, katikati ya masika.

Mvua haijakatika tangu alfajiri na mlima haukuonekana siku nzima. Msimu huu ndipo swali moja huanza kusikika katika vikundi vya kulinda chemchemi huku migombani. Eneo lilizungushiwa wigo, miche ikapandwa, mifugo ikazuiwa, na sasa majani yamefika kiunoni. Wenye ng'ombe wanauliza: tutaruhusiwa kukata lini? Viongozi wengi huona swali hilo kama uchokozi. Mimi naliona ndilo swali kubwa kuliko yote katika kazi hii, na kila nikilisikia mawazo hunipeleka Bukini.

Bukini ni jina ambalo wazee wa pwani waliiita Madagaska. Kusini-magharibi mwa kisiwa hicho, mwaka 2004, wavuvi wa Kivezo, kabila la wavuvi wa pwani ile, wa kijiji cha Andavadoaka walikubali kuacha kuvua pweza kwenye mwamba mmoja tu, Nosy Fasy, kwa miezi kadhaa. Mwamba mmoja, kiumbe mmoja. Vijiji jirani vikaona, vikafuata, na baadaye vikaungana kusimamia eneo la bahari waliloliita Velondriake, maana yake kuishi na bahari. Wanaosimulia habari hii husifu kule kufunga. Kufunga ni kwepesi, jamani. Kunahitaji mkutano mmoja mzuri na wazee wenye heshima. Jumuiya nyingi huvunjika siku ya kufungua.

Pweza alichaguliwa kwa sababu ya maisha yake. Ni yule yule anayechokolewa Unguja na Mafia. Huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo, na akiwa mchanga uzito wake hupanda upesi mno. Jike hutaga mara moja, hulinda mayai tunduni bila kula, na mayai yakianguliwa hufa. Kwa hiyo mwamba ukipumzika miezi miwili au mitatu, aliyeachwa akiwa na nusu kilo anakutwa mkubwa, na mvuvi anaiona faida kabla subira haijamwishia. Ukifunga muda mrefu zaidi, wengine watazeeka na kufa bila kuvuliwa. Serikali ya Madagaska nayo iliweka kiwango cha chini cha gramu 350 kwa pweza anayevuliwa. Kijiji hakifungi bahari yake yote. Huchukua kama sehemu ya tano hivi, watu wakaendelea kula kutoka kwingine.

Sasa siku yenyewe. Mwamba hufunguliwa wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji yanapokupwa mbali. Ukifungua siku za maji mafu, mwamba unabaki chini ya maji, na watakaofaidi ni vijana wa kiume wenye miwani ya kuzamia. Akina mama wanaotembea kwa miguu na mchokoo, ile fimbo ya kuchokolea pweza, watarudi na vikapu vitupu, ilhali ndio waliokaa muda wote bila mwamba wao wa karibu. Msimu ujao hawatanyoosha mkono kufunga, na watakuwa na haki. Kosa la tarehe moja kwenye kalenda linaweza kuwapoteza nusu ya wanachama.

Halafu kuna mnunuzi. Mzigo wa miezi hufika ufukweni ndani ya saa chache, kabla maji hayajaanza kujaa. Bei isipokubaliwa mkutanoni mapema, mnunuzi ataitangaza yeye akiwa amekaa juu ya mizani. Barafu isipotosha, bei huanguka kabla ya jua kufika utosini, na watu hurudi nyumbani wakisema uhifadhi umewatia hasara. Kazi ya kiongozi wiki ile ni kuuliza barafu ni kilo ngapi, gari linafika saa ngapi, na nani atasimama karibu na mizani. Mizani ya kuning'iniza ijaribiwe mbele ya watu: chupa ya maji ya lita moja na nusu lazima isome kilo moja na nusu na gramu chache za chupa yenyewe.

Wageni ndio waliosumbua zaidi mwanzoni. Habari za mwamba uliojaa husafiri haraka, na ngalawa za vijiji vya mbali hufika usiku wa kuamkia ufunguzi. Watu wakiwa wengi mno, faida ya miezi huisha kwa siku mbili, na matumbawe hukanyagwa na kuvunjwa kwa ncha za chuma. Mwenyekiti anaweza kukemea hadi sauti imkauke bila kubadilisha kitu. Kilichosaidia ni vijiji jirani kufunga miamba yao kwa wakati mmoja na kufungua siku moja, watu wakatawanyika kila mmoja kwao.

Na hesabu. Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo vikundi vyetu hujidanganya kwa nia njema. Tuseme kabla ya kufunga watu 20 walipata kilo 40 kwa siku. Siku ya ufunguzi wanakuja watu 120, wanapata kilo 300. Kijiji kizima kitashangilia zile 300. Lakini gawanya: mwanzo kila mtu alipata kilo mbili, sasa amepata mbili na nusu. Nusu kilo ndiyo ongezeko la kila mtu kwa siku ile, na humo bado hujatoa kile ambacho kingevuliwa mwambani katika miezi ya kungoja. Daftari lisilo na safu ya idadi ya watu haliwezi kukuambia kama kufunga kumefaa. Andika tarehe, jina la mwamba, watu wangapi, saa ngapi walikaa majini, pweza wangapi, kilo ngapi. Anza kuandika angalau bamvua mbili kabla ya kufunga. Ukianza siku ya kufungua hutakuwa na cha kulinganisha, na mtu wa kwanza mwenye mashaka atakushinda hoja mbele ya mkutano.

Sheria za vijiji vile vya Madagaska huitwa dina. Ni makubaliano ya wanakijiji wenyewe, na yakithibitishwa mahakamani hupata nguvu ya sheria ya nchi. Sisi tuna sheria ndogo za kijiji: halmashauri ya kijiji inaandika, mkutano mkuu unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Kote kuwili kosa linalojirudia ni faini kubwa mno. Ukimtoza shilingi laki tano mtu anayelipwa elfu kumi kwa kibarua cha siku, hutaipata kamwe, na kila asiyelipa anamfundisha mwenzake. Wazee wa mifongo, mifereji yetu ya asili ya maji, huku Uchagani walilijua hili zamani. Asiyekuja kusafisha mfongo alitozwa kitu anachoweza kukitoa, mara nyingi mbege, pombe ya ndizi, na kilinywewa na wale wale waliofanya kazi. Faini ililipwa wiki ile ile, mhalifu akiwa amekaa kati ya wenzake, na zamu yake ya maji ikarudi.

Lakini si kila kitu hufunguka kama mwamba wa pweza. Visiwani Komoro, popo mkubwa wa Livingstone anapatikana Nzuwani na Mwali tu, duniani kote. Msitu wake umekatwa kwa ajili ya mashamba hadi kwenye miteremko mikali, na mito mingi ya Nzuwani iliyotiririka mwaka mzima sasa hukauka kiangazi. Huwezi kumwambia mkulima asubiri miezi mitatu kisha aje kuvuna popo. Mti anaolala popo unachukua miaka mingi kukua, na ukikua hauna siku ya mavuno. Hapo kiongozi analazimika kutafuta faida kando ya kile anachokilinda: udongo usioporomoka, mboji, mbegu bora, maji ya kijito. Asipoitafuta, atabaki kuwaomba watu maskini walinde kitu kwa ajili ya macho ya wengine.

Huku kwetu tunalijua jeraha la kitu kilichofungwa bila tarehe. Mwaka 1941 ukanda wa nusu maili ulitengwa kandokando ya msitu wa Kilimanjaro ili wananchi wapate kuni, miti na majani bila kuingia ndani. Mwaka 2005 mpaka wa Hifadhi ya Taifa ulipanuliwa ukachukua msitu, pamoja na ukanda huo. Sababu za kuulinda msitu zilikuwepo na ni za kweli, maana maji yote tunayokunywa yanapita humo. Hata hivyo mtaje mzee wa Kibosho au Old Moshi maneno "nusu maili" uone uso wake unavyobadilika. Kwa hiyo kikundi kinachozungushia wigo chemchemi lazima kiandike tarehe ya kufungua kwenye karatasi ile ile ya kufunga.

Kwa majani ya chemchemi ninaona iwe hivi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kudhuru chanzo cha maji ndani ya mita 60, kwa hiyo ukataji wowote upitie kwa ofisa wa maji na serikali ya kijiji kwanza, uandikwe. Ukataji uwe wa mundu tu, panga libaki nyumbani. Kisiki cha majani kibaki urefu wa kiganja ili mvua isipige udongo mtupu. Waanzie ukingo wa nje, na jicho la chemchemi lisikaribiwe. Ng'ombe asiingie kabisa, hata akiwa na kamba. Kwato mbili tatu kwenye udongo uliolowa zinatosha kuziba mkondo. Kila kaya mzigo mmoja wa kichwa kwa zamu, kitongoji kwa kitongoji.

Na kaya isiyo na ng'ombe? Hapa ndipo wale akina mama wa mwambani wanaponirudia. Mjane asiye na mfugo alichimba mashimo ya miche kama wengine. Apewe mzigo wake, na awe huru kumuuzia jirani. Najua wapo watakaosema biashara itaharibu moyo wa kujitolea. Mimi naamini kinachouharibu moyo huo ni kuona jasho lako linanenepesha ng'ombe wa mwenyekiti.

Fedha nitazitaja kwa ufupi. Watia saini watatu kutoka vitongoji tofauti, mapato yasomwe kwa sauti kila mkutano, risiti zibandikwe ubaoni. Chakula cha mkutano kipikwe, posho isiwepo. Mradi ukishawazoesha watu posho, siku mfadhili anapoondoka mkutano unaondoka naye.

Bado daftari la chemchemi. Kipimo chake ni ndoo ya lita 20 na saa ya simu: ikijaa kwa sekunde 40, maji ni nusu lita kwa sekunde. Pima mara tatu, andika zote, na jina la aliyepima. Lakini kwa mvua hii inayopiga bati sasa, kipimo cha wiki hii hakitufai kitu. Hata mfongo uliokufa ungejaza ndoo. Ndoo ipelekwe Februari kabla ya masika, na ipelekwe tena Septemba, vumbi likiwa limekaa juu ya majani ya migomba.