Ramadhani tuliyovunja bodi la Bedford

Mwaka 1997 Ramadhani iliingia Januari, skuli zimefungwa, Ami akanambia mwaka huu hushindi pwani, utashinda kwangu tunavunja bodi. Gari yenyewe Bedford ya pua, zile chai maharage, lori lenye bodi la mbao la kupakia abiria, imebeba makumbi na ndizi na watu wa shamba mpaka sokoni Darajani, mjini Unguja, tangu mimi sijazaliwa. Gari hizi Uingereza ilikuwa inatoka chesisi, ile fremu ya chuma ya chini, na injini, bodi wanachonga maseremala wetu, ndo maana hakuna mbili zinazofanana kabisa.

Kwa nje ilikuwa inang'aa, Ami kila mwaka anapiga rangi. Fundi hakuangalia rangi, alijitia chini na bisibisi anachoma choma, kufika ile miti miwili mirefu inayolalia chesisi bisibisi ikazama mpaka mpini. Pale ndo panapooza sana, manake vumbi na maji yanakwama baina ya mbao na chuma na jua halifiki.

Ami akataka tuchomee chuma yaishe. Fundi akasema hasha, gari ikitumbukia shimoni gurudumu moja chesisi inajipinda, mbao inajipinda nayo kisha inarudi, chuma chako kitapasuka kwenye welding. Hata kutoboa chesisi hakutaka, kila kitu kinabanwa kwa yuboliti, zile bolti zilizopindwa kama herufi U.

Kilichonishangaza ni kwamba hakutupa hata kijiti. Vipande vyote vibovu tulivipanga uwanjani kama vilivyokuwa kwenye gari, nikaviandika namba kwa chaki, kila kimoja kikawa kipimo cha mwenzake mpya, mwinamo wake na matundu yake. Kipande kimoja kikimeguka mkononi yeye anakiunga kwa kamba apate kukipimia, yaani kile kioza alikishika kama yai. Mbao mpya mvule kutoka bara, na kuusukumia randa mvule saa nane mchana umefunga, kaskazi inapuliza vumbi la mbao kooni na huwezi kunywa maji, ile kazi naikumbuka mpaka leo.

Ilipobaki wiki moja Idd nikaanza kukimbiza, nikafunga mbao tatu za kukingama sijazitia mafuta vichwani. Fundi hakugomba, alinambia tu mwanangu fungua. Akanionesha zile duara za mti pale ilipokatwa, akasema maji hayaingii ubavuni, yanaingia hapa, hapa ndo mdomo wake. Nikafungua zote tatu nikazinywesha mafuta ya sifa, yale ya papa wanayopaka majahazi, mara mbili mpaka zikakataa, na harufu yake nilikwenda nayo tarawehe watu wakawa wananipisha.

Tuliwahi. Idd mosi jioni gari ilijaa watoto wa mtaani kwenda Mnazi Mmoja, nguo mpya, kelele, mimi nimesimama nyuma nasikiliza bodi kila tunapopita shimo na halikulia hata mara moja. Tulipofika tu fundi huyo anakuja, alikuwa anatungoja, kanzu mpya nyeupe pepe na kofia ya kiua, hata mkono wa Idd hajanipa akauliza spana iko wapi. Mbao mpya ikibeba uzito mara ya kwanza inakaa, yuboliti zinalegea kidogo. Akatandika gunia, akaingia chini ya gari na kanzu yake, akakaza moja moja mpaka zikaisha.