Komeo la choo cha wasichana

Wiki hii nina furaha moja ambayo nikimhadithia mtu ananiangalia tu, manake ni furaha ya makomeo. Fundi amekuja akatia makomeo mapya kwenye milango yote ya choo cha wasichana, ya chuma kabisa, yameshikwa na skrubu nene, na aliyeyadai si mimi wala mwalimu mwenzangu yeyote, ni binti wa gredi ya nane ambaye mwanzo wa muhula alikuwa hata jina lake likisomwa kwa rejista anainua mkono tu, sauti haitoki.

Mnaonisoma mnajua nafundisha sekondari msingi hapa Mombasa, shule ya kutwa, wavulana na wasichana pamoja, na Ijumaa masomo yakiisha nabaki na klabu ya wasichana. Klabu kama hizi nazijua tangu nikiwa mwanafunzi, analetwa mgeni, anawaambia mjihadhari na watu wa bodaboda, pedi zinagawanywa, picha inapigwa, watu wanaenda nyumbani. Pedi ni muhimu sana na nashukuru kuna sheria ya 2017 inayosema serikali iwape wasichana wa shule za umma bila malipo. Ila mimi nilitaka hawa watoto waongoze kitu, waamue kitu, halafu waone kimebadilika kwa sababu yao. Na nilipowauliza tuanzie wapi hawakutaja mitihani wala wavulana, walitaja kuonewa. Mmoja alisema "madam, hapa shule mtu akikuchukia hakuna pa kujificha" na wenzake wote wakanyamaza.

Basi nikawapa karatasi kubwa ya manila wachore shule yetu, madarasa, geti, kantini, kila kitu, halafu waweke alama nyekundu mahali wanapoogopa kupita. Nendeni mkajaribu hii na watoto wenu jamani. Darasani hakukuwa na alama hata moja wakati mwalimu yuko ndani. Nyekundu zilijaa mferejini, pale kwenye bomba la maji, wakati wa breki, ule uchochoro wa nyuma ya stoo, njia ya kwenda steji ya tuktuk jioni, na chooni ndo ilikuwa imekolea mpaka karatasi ikataka kutoboka. Binti mmoja akachora simu pale pembeni nje ya ukuta wa shule, nikamuuliza hii je, akasema hilo ni grupu la darasa, wanaingia usiku kwa simu za mama zao, matusi ya kesho yanapikwa huko. Halafu wakachukua kalamu ya buluu wakachora njia anayopita mwalimu wa zamu. Ofisini, gwaride, geti, ofisini. Hiyo buluu na zile nyekundu hazikukutana mahali popote. Niliipeleka ile manila stafrumu nikaibandika ukutani bila kusema neno na walimu walikuja mmoja mmoja kuiangalia.

Sasa hiyo choo. Milango ilikuwa haifungiki kwa ndani miaka yote hii, kwa hivyo msichana akiingia lazima rafiki amshikie mlango, na asiye na rafiki ndo anaonewa. Wanausukuma yuko ndani, wanacheka, na akiwa kwenye siku zake wanatoka kwenda kutangaza. Wengine walinieleza hawanywi maji toka asubuhi mpaka warudi nyumbani, na hili joto la Mombasa mnalijua. Mtoto anakaa na kiu siku nzima, kichwa kinamuuma, sisi tunaandika kwa ripoti "hana bidii".

Kila nikifikiria haya namkumbuka yule binti wa kaunti ya Bomet, Septemba 2019, alikuwa na miaka 14. Mama yake alisema hedhi ilimjia darasani akachafuka, mwalimu akamwita mchafu na kumtoa nje. Akajiua. Sheria ya pedi ilikuwa ishapita miaka miwili kabla. Pedi hakuwa nayo, na aibu alipewa na mtu mzima mbele ya wenzake. Nikisikia mtu akisema uonevu ni mambo ya watoto kuchokozana nashindwa kuvumilia kabisa, na walimu wenzangu wanajua kwa hili sinyamazi.

Kuna utafiti mmoja wa Canada ambao niliusoma zamani ukanikaa, ulichapishwa 2001, watafiti walirekodi watoto wa shule za msingi kwa video wakicheza. Karibu kila mtoto alipokuwa anaonewa kulikuwa na wenzake wanatazama, asilimia 88 ya matukio. Wenzake waliingilia kati kwenye asilimia 19 tu ya matukio. Lakini sikiliza hapa, pale mtoto mwenzao alipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo, asilimia 57, uonevu ulikoma ndani ya sekunde kumi. Sekunde kumi! Mwalimu akiitwa kutoka ofisini sekunde kumi hata hajavaa viatu vyake vizuri. Niliwasomea wasichana hizo namba tukahesabu pamoja kwa sauti moja mpaka kumi tuone ni muda gani, wakashangaa ni mfupi hivo.

Tangu hapo kila Ijumaa tunafanya mazoezi. Wawili wanaigiza mferejini, mmoja ananyang'anywa chupa, na wengine wanapita. Kazi ya anayepita ni kusema kitu kimoja tu na kumtoa yule mwenzake pale. Maneno wametunga wenyewe, mimi ningetunga ya kitabuni yasingefaa chochote. Kuna "wee, madam akuita, twende", kuna "mwachie bana, ana kosa gani", na kuna binti mmoja ambaye hasemi kitu kwa muonevu kabisa, anapita katikati kana kwamba hamuoni, anamshika mkono yule mdogo, "nilikuwa nakutafuta", wanaondoka. Hiyo ya mwisho ndo wameipenda wengi, manake muonevu anabaki hana wa kumchezea na hakuna aliyepigana. Sheria nazo wameweka: usiende peke yako, usipige, usitukane, na ikishaisha mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo. Wameandika majina ya watu wazima wanaowaamini wakabandika mlangoni. Mama wa kantini yumo, mlinzi wa geti yumo. Walimu si wengi kwenye ile orodha, na hilo ni la sisi walimu kulifikiria.

Halafu likaja swali la nani aongoze, na hapa ndo nilizozana na watu stafrumu. Desturi yetu viongozi tunawajua kabla hata ya uchaguzi, anayepata alama nzuri, anayesalimia vizuri, na kiranja mkuu akiwa mvulana basi msichana anapewa usaidizi ama usafi. (Nchi yenyewe Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa na Bunge mpaka leo halijafika, kwa hivyo watoto wanajifunzia kwetu wakubwa.) Mimi nilikuwa nataka njia nyingine, ile ya New Jersey kule Marekani. Mwaka wa masomo wa 2012 na 2013 Elizabeth Paluck wa Princeton na wenzake walifanya kazi na shule 56 za watoto wa umri kama wa hawa wetu. Waliwauliza wanafunzi wote unakaa na nani, unapenda kutumia muda wako na nani, wakapata wale ambao wenzao huwatazama na kuwafuata. Kwenye nusu ya shule hizo vikundi vidogo vya wanafunzi vikapewa nafasi ya kupinga uonevu kwa namna yao wenyewe, mabango, maneno yao, na mtoto akionekana amemtetea mwenzake anapewa bangili ya rangi ya chungwa. Kesi za ugomvi zilizofika kwa walimu zilipungua kama asilimia 30, na kule ambako wale wenye kutazamwa na wenzao walikuwa wengi kwenye kikundi ndo matokeo yalikuwa makubwa zaidi.

Kwa hivyo nasi tukauliza kwa vikaratasi vya siri. Majina yaliyorudi mara nyingi hayakuwa ya viranja. Alikuwepo msichana anayeuza mabuyu wakati wa breki, manake kila mtu anapita kwake na anajua habari zote. Alikuwepo golikipa wetu. Na alikuwepo mwenye mdomo, yule ambaye nusu ya malalamiko ya mferejini yanamhusu yeye. Mwenzangu akaniambia "huyo pia?" Nikamwambia huyo hasa, sababu wenzake wanamsikiliza tayari, na akisema kitu fulani hakichekeshi basi kweli hakitachekesha tena. Sitasema amekuwa malaika. Lakini sasa hivi kuna mtoto wa gredi ya saba anayepita mferejini bila kuzunguka darasa zima, na aliyemwambia apite ni yeye.

Huyo golikipa nataka nimzungumzie kidogo. Nywele amekata, sauti yake nzito, mpira anaudaka mpaka wavulana wanampigia makofi, na tangu darasa la tano anaitwa jike dume. Mwaka jana kuna waliomfuata chooni eti wakahakikishe. Muelewe nilichokiandika hapo, watoto wamfuate mtoto mwenzao chooni kumkagua mwili. Hajawahi kunieleza yeye ni nani au anajionaje, na mimi sitamuuliza, si kazi yangu wala si ya mtu mwingine pale shule. Hahitaji kujieleza ndo alindwe.

Na kuna kijana mmoja, mpole, anapenda kusuka, anatembea na dada zake, wavulana wamemfanyia mambo ambayo siandiki hapa. Alikuja Ijumaa moja akasimama mlangoni akauliza anaweza kukaa. Wasichana walibishana kweli kweli, wengine walisema hapa ndo mahali petu peke yetu, na hoja yao ilikuwa ya haki kabisa, mahali pa wasichana peke yao ni pachache mno. Sikuwaamulia. Waliamua nusu ya kwanza ya kikao ibaki ya wasichana, mambo ya hedhi na ya mwili, na nusu ya pili ya uonevu iwe wazi kwa yeyote anayeonewa kwa sababu ya anavyotembea, anavyoongea, anavyocheza, anavyoonekana. Mimi ningekesha nikitafuta uamuzi mzuri kama huo nisiupate. Yule kijana ndo anachora mabango yetu sasa.

Najua nitaulizwa na wazazi, nimeshaulizwa, eti mnafundisha watoto nini huko. Nafundisha mtoto asipigwe, asikaguliwe, asitukanwe. Na kwa wanaodhani watoto wa namna hii ni mambo ya kuigwa kutoka nje, sensa yetu wenyewe ya 2019 ilihesabu watu huntha, yaani waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume moja kwa moja, 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 imewataja watoto huntha waziwazi kwamba wana haki ya kuheshimiwa na kulindwa. Wako madarasani mwetu na wazazi wao wengi wananyamaza kwa kuogopa hizo hizo kelele za mferejini. Dini yangu naipenda na naishika, na hakuna mahali iliponifundisha kumdhalilisha mtoto wa mwenzangu.

Kuna mwalimu mmoja mkubwa, namheshimu, aliniambia "mwanangu, sisi tulionewa na tukawa watu". Nimelisikia hilo mara nyingi maishani. Aliyekuwa mtu ndo yupo stafrumu anaongea. Walioacha shule hawapo pale kutueleza yaliyowapata. Alikaa kimya akasema labda, akaenda kuiangalia ile manila tena.

Kitu kimoja tu kinachonitia wasiwasi ni watu wazima kufurahi sana na klabu halafu wakajitoa. Wasichana wakiweza kusimamisha uonevu kwa sekunde kumi haimaanishi ni wajibu wao kuubeba. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, imekataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa, mwilini au kiakili, na adhabu yake ni faini mpaka shilingi laki moja ama kifungo mpaka miezi sita ama vyote. Hiyo ni kazi ya wakubwa. Na namba ya simu 116 ya kusaidia watoto ni ya bure, tumeiandika kwa kalamu nene ndani ya kila mlango wa choo, usawa wa macho, wazo la yule yule binti wa gredi ya nane. Alisema mtu akilia analilia huko, basi namba iwe huko.

Makomeo yenyewe aliyapataje? Alikwenda kwa mwalimu mkuu na ile manila mkononi na mwenzake mmoja, wamefanya mazoezi siku nzima, akasema sentensi tatu alizoziandika, akauliza "lini?" Mwalimu mkuu akasema ataangalia. Akauliza tena, "tuje Jumatatu ama Jumanne?" Nilikuwa nje dirishani na nilishindwa kujizuia kutabasamu. Walirudi Jumatatu. Walirudi na Jumanne. Pesa ikatoka kwenye ya ukarabati.

Jumamosi ijayo ni mkutano wa wazazi na watoto wamepewa nafasi ya kuzungumza. Watadai mawili, mwalimu wa zamu asimame njia ya steji mpaka mtoto wa mwisho apande tuktuk, na wazazi wachukue simu zao usiku ili lile grupu lilale. Wamewekwa mwisho kabisa kwenye ajenda, baada ya pesa za chakula na mambo ya sare. Nimeomba wasogezwe juu, sijajibiwa bado. Kama una mtoto kwetu na unasoma hapa nakuomba sana usiondoke kabla hawajasema, hata chai ikiwa imeisha.