Usiku nilipoandika mrproper

Mwaka 2019 nilikuwa nikijenga keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, kwa mashine tatu kutoka folda moja: laptopu yangu yenye prosesa ya x86, Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo yenye prosesa ya ARM niliyokuwa nikiiendesha kwa biti 64, na ruta kuukuu yenye prosesa ya MIPS. Msimbo ni ule ule. Huo ndio uzuri ninaoupenda katika Linux: mambo yanayohusu prosesa fulani tu yana mahali pake ndani ya folda ya `arch`, mengine yote ni ya wote. Tabu ilikuwa kwamba mafaili ya `.o`, yaani vipande vilivyokwisha kukompailiwa, nayo yalirundikana humo humo, kwa hiyo kila nilipobadilisha mashine nilifuta na kuanza mwanzo.

Usiku mmoja nikaamua kutenganisha. Nilishasoma kuhusu `O=`, inayoiambia `make`, programu inayoendesha ujenzi, iweke matokeo kwenye folda nyingine. Nikaandika:

`make O=../jenga/arm64 ARCH=arm64`

Ikagoma. Folda ya msimbo si safi, ikaniambia, endesha kwanza `make mrproper`. Nikatii bila kufikiri. Amri ya kusafisha ya `make clean` huwa inaliacha faili la `.config`, lenye mipangilio ya keneli, lakini `mrproper` husafisha zaidi na huondoka nalo. Mipangilio ya Pi niliyoichambua kwa karibu wiki mbili, dereva baada ya dereva (programu ndogo za kuendesha vifaa), ikatoweka kwa sekunde chache.

Nikampigia kaka mmoja aliyenifundisha kazi hii.

“Kaka, `.config` imefutika yote.”

“Pole mdogo wangu. Nakala huna?”

“Sina.”

Akanyamaza kidogo. “Hiyo Pi yenyewe inawaka? Ina keneli uliyoijenga wewe?”

Ilikuwa inawaka, na keneli ya juzi yake.

“Basi angalia `/proc/config.gz`.”

Sikuwahi kujua kwamba keneli inaweza kubeba mipangilio yake tumboni. Wakati wa kuchagua nilikuwa nimeiwasha `CONFIG_IKCONFIG_PROC` bila kuitilia maanani. Nikaingia kwenye Pi, nikaandika `zcat /proc/config.gz`, na mistari ikaanza kushuka kwenye skrini. Mikono ilikuwa ikinitetemeka. Kilichokosekana ni dereva moja tu, ya kipima joto, niliyoiongeza jana yake, hiyo niliikumbuka.

Kabla ya kulala nilikuwa na folda tatu: `jenga/x86`, `jenga/arm64` na `jenga/mips`, kila moja na `.config` yake, na nakala zote tatu nimeziweka kwenye Git, inayotunza historia ya mafaili. Kaka alinisisitizia jambo moja zaidi: folda hizo hazikumbuki `ARCH`, yaani aina ya prosesa unayoijengea. Ukiisahau, `make` huchukua prosesa ya laptopu na kuiandika upya mipangilio ya ARM kana kwamba ni ya x86. Kwa hiyo kila folda nikaiandikia skripti fupi yenye `ARCH` yake na `CROSS_COMPILE`, inayotaja kompaila ya prosesa hiyo.

Asubuhi nilibadilisha mstari mmoja kwenye dereva ya kipima joto, nikaendesha skripti ya arm64. Ilikompaili faili hilo na machache yanayolitegemea, ikamaliza kabla chai haijapoa.