Miguu ya Mefiboshethi

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii tunatafakari 2 Samweli sura ya 9, ila naomba tuanzie nyuma kidogo, sura ya 4 mstari wa 4. Ni mstari mmoja tu, lakini umebeba utoto mzima wa mtu. Mefiboshethi ana miaka 5. Habari zinafika kwamba babu yake Sauli na baba yake Yonathani wamekufa vitani. Mlezi anamnyakua na kukimbia naye, na katika ile haraka mtoto anaanguka. Akawa kiwete.

Mstari huu siwezi kuusoma kwa sauti bila kutulia kwanza. Nimekulia Newala, katikati ya mikorosho. Msimu ukianza wenzangu walifurahi: mabibo yameiva, hela ya korosho inakuja, na sare mpya za shule. Kwetu mabibo yalikuwa uraka, ile pombe ya mabibo, na uraka ulikuwa baba. Mara ngapi mama alituamsha usiku, mdogo wangu mgongoni, mimi nimeshikwa mkono, tukakatiza mashamba hadi kwa bibi! Nilikuwa nahesabu mikorosho gizani ili nisilie.

Leo ni mtu mzima, naishi Mtwara mjini, nina watoto, nasali jumuiya. Lakini kila Oktoba, nikipita sokoni na harufu ya mabibo ikanifikia, tumbo hujikunja na viganja hulowa jasho. Siku moja nilimfokea mwanangu kwa kudondosha kikombe, na sauti niliyoisikia ilikuwa ya baba. Nilifunga. Nilisali novena. Nikaambiwa nisamehe na kusahau. Kusamehe nilishasamehe, na baba tulishamzika. Mwili ndio ulikuwa hauna habari.

Ndipo nikaenda kwa mshauri nasaha. Nalisema wazi kwa sababu najua wapo kati yetu wanaoona kwamba kwenda huko ni kupungukiwa imani. Yule mama hakuniambia niache kusali. Aliniuliza hofu inakaa wapi mwilini. Akanifundisha kwamba ikinishika, nikanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, nivute pumzi polepole, nitaje vitu ninavyoviona: pazia, feni, jagi la maji, kalenda ukutani. Akanieleza kwamba mtoto anayeishi na hatari hujifunza kukaa macho, na mwili wake huweza kuendelea kukesha miaka mingi baada ya hatari kuisha. Halafu nikaanza kusimulia, kidogo kidogo, usiku mmoja baada ya mwingine. Nililia sana.

Sasa turudi kwa Mefiboshethi. Mfalme Daudi alituma watu wamchukue kutoka Lo-debari, akamketisha mezani kama mmoja wa wana wa mfalme. Lakini tazameni sura inavyoishia: alikula mezani pa mfalme siku zote, naye alikuwa kiwete wa miguu yote miwili. Neema haikusubiri miguu inyooke. Wala meza haikuinyoosha. Tena someni 19:24. Daudi alipokimbia Yerusalemu, Mefiboshethi kwa huzuni aliacha kuitunza miguu yake mpaka mfalme aliporudi salama. Kumbe siku nyingine zote alikuwa akiitunza! Mtu anakula na mfalme, na bado miguu yake inataka kuhudumiwa. Hapo nilijiona mwenyewe. Ekaristi ndiyo meza yangu. Kwenye kile chumba cha mshauri ndiko miguu yangu inakotunzwa.

Na kama unamjua mtoto ambaye usiku wake ndiyo kwanza uko hivyo, usimwambie avumilie. Namba 116 ni ya simu za watoto, haina malipo, na hata mtu mzima anaweza kupiga kwa ajili yake.

Jumamosi nilinunua bibo moja jekundu. Nililishika muda mrefu, mkono ukitetemeka kidogo, kisha nikaling'ata. Maji yakachuruzika hadi kwenye kiwiko, kitenge kikapata doa ambalo najua halitatoka. Mwanangu akaomba na yeye, nikampa.

Alhamisi asubuhi nina miadi tena na yule mama. Mniombee.